Ibada ya jioni na watoto: jinsi tunavyoiendesha nyumbani kwetu

Kwetu ibada ya jioni huwa kabla ya chakula. Mtoto wa miaka minne akishashiba anasinzia pale pale mkekani, na mkubwa akili yake iko kwenye kazi za shule alizobakiza. Kabla ya kula wote wako macho, na harufu ya mboga inayotoka jikoni inamzuia hata baba asianze kuhubiri.

Muda ni dakika 10 hadi 15, basi. Nimekuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili usharikani kwetu kwa muda mrefu, na ninaloliona ni kwamba ibada za nyumbani nyingi hufa kwa sababu ya urefu. Mzazi anaanza na saa nzima, wiki ya pili amechoka yeye kabla ya watoto, wiki ya tatu hakuna kitu. Ibada fupi inavumilia hata siku umeme umekatika na mama amechelewa daladala.

Mpangilio haubadiliki: wimbo beti mbili, somo, swali moja, mstari wa kukariri, sala za watoto, kisha Baba Yetu kwa pamoja. Kila mtoto ana kazi yake. Mdogo anatandika mkeka na kuchagua wimbo (atachagua ule ule kila siku, mwacheni), wa kati analeta Biblia, anayejua kusoma anasoma. Zamu zinabadilika kila Jumapili na zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, la sivyo muda wote unaishia kwenye ugomvi wa nani asome.

Kuhusu somo, msianze na Mwanzo mkinuia kufika Ufunuo. Mambo yanakwenda vizuri hadi Yusufu, hadi Bahari ya Shamu, kisha kuanzia Kutoka 25 mnaingia kwenye vipimo vya hema, na mkifika Walawi nyumba nzima imekata tamaa. Sisi huanza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, matukio yanakimbia, maneno ni machache. Hatusomi sura nzima, tunasoma tukio moja, mistari 6 hadi 15. Binti Yairo, kwa mfano, ni Marko 5:35–43, na mkomee hapo hapo kwenye mstari wa mwisho, ambapo Yesu anaagiza msichana apewe chakula. Watoto hulipenda sana neno hilo kuliko maelezo yoyote ya mzazi. Desemba tunahamia Luka, yenye sura 24: tukio moja kutoka kila sura kuanzia tarehe 1, mkesha wa Krismasi mmemaliza.

Tuna Biblia mbili na kila moja ina kazi yake. Ya kusoma ni Habari Njema, kwa sababu mtoto wa darasa la tatu anaielewa bila kusimamishwa kila mstari. Ya kukariri ni Union Version, tafsiri ya zamani ya Kiswahili, maana ndiyo anayoisikia kanisani na mapigo yake yanakaa kichwani. Msizichanganye katika kukariri. Mtoto aliyeanza na “Bwana ndiye mchungaji wangu” kisha akapewa “Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu” anabaki bila hata moja.

Swali lisiwe lile ambalo jibu lake daima ni “Yesu”. Mkisoma wale wanne walioitoboa dari kumshusha mwenye kupooza, uliza: wewe ungekuwa mwenye nyumba, ungewaambia nini? Hapo mtoto anaingia ndani ya tukio lenyewe.

Kukariri ndiko kunakoharibika zaidi, na mara nyingi tunaoharibu ni sisi walimu. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, siku ya watoto kanisani kwetu, inapokaribia mwishoni mwa Septemba, mtoto anapewa mistari kumi wiki mbili kabla, anaipiga kelele mbele ya usharika, anapigiwa makofi, na kufikia Oktoba imeyeyuka yote. Nyumbani tunachukua mstari mmoja kwa wiki. Zaburi ya 23 ina mistari 6, hivyo ni wiki sita. Siku mbili za kwanza wote wanausoma kwa sauti mara tatu. Siku mbili zinazofuata unaandikwa kwenye kadi na maneno mawili matatu yanafunikwa kwa kidole. Ijumaa anausema bila kadi. Jumamosi hatushiki kipya, tunavuta kadi za zamani kutoka kwenye kopo, tatu tu. Bila kopo hilo la kadi za zamani, kazi yote ni bure.

Sala ya mtoto ina sehemu tatu: asante moja, samahani moja, ombi moja. Mzazi naye aseme samahani yake, kwa jambo la kweli la siku hiyo, kama vile kumfokea mtu bila kosa. Lakini kamwe asitumie sala kumshitaki mtoto: “Ee Bwana, mguse huyu asiyetaka kuosha vyombo.” Mtoto anajua kabisa anayesemwa ni nani, na kuanzia siku hiyo anafumba macho akisubiri kipigo. Vivyo hivyo, kumpa zaburi aandike kama adhabu ni kumfundisha kuichukia.

Msiba ukiingia nyumbani, epukeni “Mungu alimpenda babu zaidi akamchukua.” Mdogo akilala usiku anaomba Mungu asimpende yeye sana. Semeni kwamba babu amekufa, kwamba tunalia, na kwamba tunamtumaini Kristo aliyefufuka. Someni Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Mungu “hata lini utanisahau?” Mtoto ajue kuwa swali kama hilo limo ndani ya Biblia.

Akiingia darasa la kipaimara mambo hubadilika. Wazazi wengi wanaona sasa ni kazi ya mchungaji na mwinjilisti, ilhali Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani chenye Amri Kumi na maelezo yake, mwaka 1529 aliielekeza kwa mkuu wa nyumba, awafundishe watu wake. Kwa hiyo tunachukua amri moja na maelezo yake kwa wiki, kijana anayasema, nasi tunamuuliza amri hiyo inavunjwaje kwenye simu au kwenye mtihani. Katika umri huu wengine hukataa kusali kwa sauti. Msimlazimishe. Mpeni kusoma somo, au awafundishe wadogo zake mstari wa wiki, na zamu yake ya sala ikifika aseme “Amina” tu, iende kwa anayefuata.