Siku moja maishani mwangu, Malindi: Jumatatu ya mwendesha baiskeli Biniam Girmay

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baada ya swala tunatoka watatu na baiskeli zetu hadi daraja la Sabaki. Ni tarehe 1 Julai 2024, upepo wa kusi umekolea. Kwenda ni raha, upepo unatusukuma. Kurudi ndiko kwenye kazi: tunajipanga mstari mmoja, tairi langu karibu liguse la mwenzangu, na kila mtu anashika mbele kwa zamu kuwakatia wengine upepo. Aliye nyuma anapumua. Ukishapigwa na kusi usoni hutauliza tena kwa nini waendeshaji 176 wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, timu 22 zenye watu wanane wanane, hukaa kundi moja kutwa nzima badala ya kila mmoja kukimbia kivyake.

Saa mbili. Nafungua kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, Maweni. Mahamri na mbaazi, chai ya rangi, halafu viraka vya tyubu. Hapo hakuna la kusimulia.

Saa tatu na nusu. Kijana anayeleta madumu ya mnazi mjini kutoka Ganda amekuja na gurudumu la nyuma lililopinda. Hii ndiyo kazi niipendayo kuliko zote. Naipindua baiskeli, nazungusha gurudumu taratibu, naegemeza ukucha wa kidole gumba kwenye fremu na kuusogeza mpaka karibu na rimu. Panapogusa, nasikia “tik”. Nalegeza spoku ya upande uliovutwa, nakaza ya upande wa pili, robo mzunguko tu, nazungusha tena. Ukiikaza kwa pupa, rimu inapinda kwingine. Mwanafunzi wangu anashika ufunguo wa spoku na mimi namwachia upande mzima. Amefika mahali hahitaji kuambiwa.

Saa tano. Mzee mmoja Muitaliano, mkaazi wa hapa kwa miaka mingi, ameleta cheni ibadilishwe. Mwaka huu Tour imeanzia kwao, Florence, na leo ni hatua ya tatu, yaani mbio za siku ya tatu, Piacenza hadi Turin, kilomita 230.8, ndefu kuliko hatua zote. Ananiambia watapita Tortona, kwenye kilima chenye jina la Fausto Coppi, bingwa wa Tour 1949 na 1952. Coppi alifia mji huo tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40, kwa malaria aliyoipata Upper Volta, Burkina Faso ya leo; madaktari hawakuitambua mapema. “Angeugulia hapa Malindi,” mzee anasema, “hata muuza duka la dawa angejua.” Sote tumenyamaza kidogo.

Mchana. Wali, mchuzi wa samaki, na simu. Mbio zimeshaanza lakini hakuna anayelitoroka kundi. Siku za tambarare huwa hivi, na mimi siwalaumu: mbele yao kuna wiki tatu.

Saa kumi na moja. Nimemwachia mwanafunzi wangu kibanda, nimehamia kwa kinyozi jirani mwenye king'amuzi. Vijana wamejaa mapema kuwahi nafasi, maana saa moja Ufaransa wanacheza na Ubelgiji kwenye Euro. “Ami, baiskeli hizi zinaisha lini?” Nawaomba wavumilie. Nawaonyesha yule mweusi mwembamba wa timu ya Intermarché, Biniam Girmay, kijana wa Asmara, Eritrea. Nawahadithia Giro ya 2022, mbio kubwa za Italia: alishinda hatua, akafungua chupa jukwaani, kizibo kikamruka jichoni, ikabidi aache mashindano. Hapo ndipo wameanza kutazama kwa makini.

Karibu saa kumi na mbili. Zimebaki kilomita mbili na ushei, wengine wanaanguka na kundi linakatika. Girmay yuko upande uliosalimika. Anapita kulia, kando ya vizuizi, kichwa chini, na mpinzani wake Gaviria hamfikii. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, mashindano yaliyoanza 1903! Kinyozi ameacha kichwa cha mteja nusu. Watu waliokuja kutazama mpira wanapiga meza. Mimi nimelia, na sijali nani aliniona.

Kisha swali likaja: mbona jezi ya njano, ya anayeongoza, amepewa Carapaz wa Ecuador, naye hakushinda? Nimewaeleza. Njano hufuata jumla ya muda. Yeye na wapinzani wake Pogačar, Evenepoel na Vingegaard wako sawa kabisa, kwa hiyo zimejumlishwa nafasi walizomaliza kila siku, na yake ndiyo nzuri zaidi. Waliocheleweshwa na ajali hawakupoteza muda, kwa sababu ilitokea ndani ya kilomita tatu za mwisho. Na Girmay ana pointi 50 za leo kwenye hesabu ya jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi. Adhana ya magharibi imetukuta bado tunabishana.

Saa mbili usiku. Nafunga kibanda. Kesho wanapanda mlima wa Galibier, mita 2,642, na hapo wenye miili ya mbio fupi kama Girmay watapambana wafike tu kabla muda haujafungwa. Kijana wangu ameuliza kama tunaweza kumaliza kazi mapema. Nimemwambia alete magurudumu mawili yaliyobaki, tuyanyooshe usiku huu huu.