Kuhamisha nguzo mita moja: boriti ipi itatosha?

Nguzo ikisogezwa, upande mmoja wa boriti hupata uwazi (umbali kati ya nguzo na nguzo) mrefu kuliko ule iliyopimiwa tangu mwanzo. Wengi huangalia kama boriti itavunjika. Mara nyingi kinachovuka kikomo kwanza ni kunepa: nguvu ya kupinda huongezeka kwa mraba wa uwazi, ila kunepa huongezeka kwa kipeo cha nne.

Chukua boriti mbili za mbao za mm 100 kwa 250, zinazoungana juu ya nguzo iliyo katikati ya mita 6. Kila uwazi ni m 3. Mbao za kubebea sakafu zinatoka pande zote mbili, kila moja m 3, na nusu ya kila upande inaishia kwenye boriti. Basi boriti inabeba upana wa m 3. Sakafu yenyewe kN (kilonyutoni, karibu uzito wa kilo 100) 0.5 kwa mita ya mraba, watu na samani 1.5, jumla 2. Zidisha kwa 3: kN 6 kwa kila mita ya boriti.

Momenti, yaani ile nguvu ya kupinda, ni wL²/8, w ikiwa mzigo kwa mita na L uwazi. Kwa m 3 tunapata kNm 6.75. Gawanya kwa bd²/6 ya boriti (b ni upana, d ni kimo), mkazo unatoka N/mm² 6.5. Mbao ya daraja la nguvu C24, kwa kanuni ya zamani ya Uingereza ya BS 5268, inaruhusiwa 7.5 kwa mzigo wa kudumu. Inapita. (Ile 24 ya kwenye jina ni nguvu bainifu ya kuvunjika, usiiweke moja kwa moja mahali pa 7.5.) Kunepa, 5wL⁴/384EI ambapo E ni ugumu wa mbao (kiwango cha chini, N/mm² 7200) na I ni bd³/12, ni mm 6.8, na kikomo cha L/360 ni 8.3. Inapita pia.

Sasa sogeza nguzo mita moja, uwazi uwe m 4 na m 2, na uweke kipande cha saizi ileile kwenye ule wa m 4. Momenti inafika kNm 12, mkazo 11.5, kunepa mm 21 penye kikomo cha 11. Ukiongeza kimo tu, mm 100 kwa 300, bado mkazo ni 8 na kunepa mm 12.3: imekosa kidogo, lakini imekosa. Ya mm 150 kwa 300 inatoa mkazo 5.3 na kunepa mm 8.2, hivyo hata uzito wake wenyewe, kama kN 0.2 kwa mita, unaingia bila shida. Mkazo wa mkato, ule wa kukata boriti karibu na nguzo, ni 0.4 tu, haukusumbui hapa. Mbao mbili za 75 kwa 300 zinafaa badala yake, mradi zifungwe kwa bolti na zote mbili zikalie nguzo. Moja ikining'inia, umejenga kwa 75.

Kosa baya kuliko yote ni kusogeza nguzo na kuacha kiungo cha boriti za zamani kikielea hewani. Hapo hakuna hesabu ya kufanya, maana kiungo hicho hakibebi momenti.

Boriti ikiwa kipande kimoja cha m 6, mambo hubadilika. Nguzo, ambayo kwa vipande viwili hubeba kN 18 popote ilipo, sasa inabeba karibu 25. Na watu wakijaa upande mrefu peke yake, ncha ya upande mfupi hunyanyuka kwa kN 2.6 hivi, yaani uzito wa kilo 260. Ifunge chini kwa mkanda wa chuma.

Msingi nao usisahaulike. Zege jembamba la sakafu halikumwagwa kwa ajili ya nguzo. Kwa udongo unaobeba kN 100 kwa mita ya mraba, kitako cha m 0.6 kwa 0.6 kinatosha hizo kN 25.

Mbao mbichi iepuke: kimo cha mm 300 kinaweza kupungua mm 12 ikikauka, na chini ya mzigo huendelea kunepa kwa miezi. Usichonge pengo upande wa chini wa boriti, hasa katikati. Na kama juu kuna ukuta au paa, kN 6 za hapa si zako, mpe mhandisi.

Wakati wa kazi weka nguzo za muda zenye jeki pande zote mbili, chini ya mbao za sakafu, juu ya ubao mpana unaotandaza mzigo. Jeki zikaze tu mpaka ziguse kwa nguvu; ukizidisha, plasta ya juu inapasuka. Ukimaliza, zishushe kidogo kidogo kwa zamu huku uzi umevutwa kando ya boriti. Sakafu ikiwa tupu, uwazi wa m 4 unapaswa kunepa mm 2 hadi 3. Ukiona 5, rudisha jeki na utafute kilicholegea, kwa kawaida ni pale boriti inapokalia nguzo.