Siku moja ukutani na wanafunzi wangu

Saa 12:30 asubuhi nipo peke yangu mbele ya ukuta. Napitisha kiganja juu ya plasta: kikitoka na unga mweupe, hiyo ni chumvi, na rangi haitashika. Leo kimetoka safi. Tuliiacha plasta ikomae siku 28 na wanafunzi walinung'unika karibu siku zote hizo.

Saa 2 wanafika. Kufunga jukwaa, kukoroga rangi, kugawana brashi, saa nzima imekwenda.

Watu hudhani nalipwa kuchora. Mchoro tuliumaliza zamani, mezani, pamoja nao. Hapa kazi yangu ngumu ni kuzuia mkono wangu.

Ukuta una mita 12 kwa 4. Kwenye karatasi tumepiga miraba ya sentimita 5, na kila mraba unakuwa nusu mita ukutani. Jumla miraba 192. Kundi moja lilianzia kushoto, jingine kulia. Saa 4 hivi nikarudi nyuma hatua ishirini nitazame. Mvulana anayerusha tiara, bega lake limechorwa na kundi la kushoto, mkono na kundi la kulia. Mkono umeota karibu na sikio! Robo mita nzima juu ya mahali pake.

Chanzo nilikiona palepale. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kuliniuma. Wakaanza kulaumiana. Wakapima upya, wakabishana, wakapima tena. Jua likapanda, rangi ya akriliki ikaanza kuganda ndooni. Msimamizi wa mradi akaja mara tatu: "Si wewe ndiye msanii? Paka mwenyewe tumalize, uzinduzi ni Ijumaa." Mara ya tatu nilichoka kweli. Nikamwambia kwamba mwaka 1976, msanii wa Marekani Judith Baca alipoanza The Great Wall of Los Angeles, mchoro mrefu kwenye ukuta wa mfereji wa kuzuia mafuriko, alifanya kazi na vijana, wengine waliokwisha kuingia mikononi mwa sheria, na kwamba brashi walishika wao. Akatazama saa yake, akaondoka.

Sijui ilikuwa saa ngapi binti mmoja, ambaye wiki nzima hakuwa amesema neno, alipokwenda kuchukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Akaujaza maji, akampa mwenzake ncha moja, yeye akashika nyingine mwisho wa ukuta. Maji yalipotulia, kimo kimoja ncha zote mbili, wakatia alama pande zote mbili, kisha wakapima kushuka hadi chini. Upande wa kulia ulipungua sentimita 25.

"Mwalimu, ardhi ndiyo imepanda. Wenzetu walipimia kutoka chini."

Somo la fizikia alikuwa nalo daftarini tangu mwaka jana. Nilitaka kumkumbatia. Wakavuta uzi wa chaki toka alama hadi alama, wakauachia, ukaacha mstari wa buluu ulionyooka ukuta mzima.

Miguu haikuwa yangu tena kufikia jioni. Ukabaki ule mkono wa kufuta, na aliyeuchora alikuwa ametumia muda mrefu kwenye vidole tu, hadi mikunjo ya viungo. Nikashika rola, akaniomba. Akapaka nyeupe kuanzia begani, taratibu, akashuka kwenye kiwiko, akapita kifundo. Vidole akaviacha mwisho, akavipiga picha kwa simu, kisha akapaka.