Povu limenikaukia kwenye boneti

Leo nimeosha gari mwenyewe hapa nyumbani Nzuguni, nina ile chupa ya kupulizia povu ya lita 2, unapampu kwa mkono weee mpaka bega linauma.

Vumbi la Dodoma mnalijua. Nikamwagia maji kwanza lisije likakwaruza rangi, nikapuliza, gari likawa jeupe pee kama keki ya harusi, watoto wa jirani mbio, "anko na sisi tupulizie!"

Sasa ilikuwa saa saba mchana, juani 🤦🏾‍♂️

Nimeenda kuchota maji kwenye simtanki, kurudi povu limekauka, boneti ina madoa kama ramani.

Halafu upepo ukavuma. Saizi lina rangi ya ugali wa mtama 😂

Wana Dom, nyie mnaosha saa ngapi?