Mgeni njoo, mwenyeji apone: siku yangu ya fainali hapa Columbus

Saa 10:45 alfajiri. Alamu inalia, nje giza na baridi ambayo sijui nimwelezeeje mtu aliyeko Tanga, chupa ya maji niliyoisahau kwenye gari jana imekuwa jiwe. Ni Jumatatu, Januari 20, 2025, sikukuu ya Martin Luther King, maofisi mengi yamefungwa ila nyumba ya wazee haina sikukuu, wazee wanaamka wanataka kuogeshwa na kubadilishwa kama siku zote. Nimechukua shifti mbili, saa moja asubuhi mpaka saa tano usiku, na usiku huohuo Ohio State, chuo cha hapa Columbus, Ohio, wanacheza fainali ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo na Notre Dame kule Atlanta. Nilikuwa naweza kuomba ofu. Sikuomba, na sababu mtaiona.

Saa 12:10. Gari linapasha moto, nimefungua redio ya michezo, na kama kawaida mada ni moja tu, Will Howard, kotabeki wa Ohio State. Kwa ambao hamfuatilii futiboli ya Kimarekani, kotabeki ndiye anayepewa mpira kila mchezo unapoanza, yeye ndiye anaamua arushe, akabidhi au akimbie mwenyewe, na una dauni nne, yani majaribio manne, za kupata yadi kumi, ukishindwa mpira unaenda kwa mwenzako. Yani ni kiungo mchezeshaji ila kila kitu lazima kianzie mkononi mwake. Sasa Howard si mtoto wa hapa. Kwao ni Pennsylvania, kacheza Kansas State kuanzia 2020 mpaka 2023, halafu Januari 2024 kahamia Columbus kwa mwaka wake mmoja wa mwisho. Kotabeki aliyekuwepo, Kyle McCord, alifungwa na mahasimu wetu Michigan mwishoni mwa 2023 akafungasha akaenda Syracuse. Kwa hiyo huyu kijana kaja kwenye nyumba ya watu, kakuta wenye nyumba wana hasira, na anatakiwa awaongoze ndani ya miezi michache. Mtu yeyote aliyewahi kuhamia nchi ya watu akaambiwa kesho unaanza kazi, anajua hiyo hali.

Saa 1:00 asubuhi. Nimesaini kuingia, dada wa shifti ya usiku kanipa ripoti, nani kalala vibaya, nani presha ilipanda. Naanza na mzee wangu. Jina siliandiki, kazi yetu hairuhusu, ila ana miaka themanini na kitu, alifanya kazi kiwandani maisha yake yote na jioni alikuwa anawafundisha mpira vijana wa sekondari. Nikiingia tu hajajibu hata salamu anauliza, "Kijana, unaamini?" Namwambia, "Naamini mzee." Leo ananitaka nimvalishe sweta jekundu lenye mistari ya kijivu, rangi za Ohio State, na mkono wa kulia unatetemeka siku hizi kwa hiyo tunaanza na ule, polepole, kidole kimoja kimoja kisije kikanasa.

Kwenye kimeza chake kuna daftari. Hili daftari ndilo lililonifundisha mimi mchezo huu. Kila mechi ana ukurasa, na kila ukurasa kaupiga mstari katikati kwa penseli. Upande wa kushoto anaandika dauni ya tatu tu, zilikuwa zimebaki yadi ngapi na kotabeki kafanya nini, akifaulu anaweka msalaba. Upande wa kulia anaandika neno moja juu, "Baada", na hapo anaweka kile kotabeki alichofanya baada ya kuharibu. Basi. Mambo ya yadi mia tatu sijui asilimia ngapi hayaandiki, anasema hayo gazeti litaandika. Kotabeki wake wa kwanza kumpenda ni Rex Kern, yule wa 1968, kijana wa mwaka wa pili aliyeipeleka timu ya kocha Woody Hayes kwenye ubingwa, na mpaka leo kila kotabeki anayekuja anapimwa kwa Rex Kern.

Saa 4:00. Chai. Kwenye chumba cha mapumziko nimemkuta dada mmoja wa Bukavu, tumekuwa tunafanya kazi pamoja miaka sasa, mwanzoni alikuwa anasema mchezo gani huu watu wanasimama simama hovyo. Sasa hivi ana maoni kuliko mimi. Anasema, "Huyu mtoto haogopaka, hata akianguka anaamkaka tu." Nikamwambia hiyo ndiyo yenyewe, ila Novemba wewe na mimi wote tulimsema vibaya. Akanyamaza kidogo, akasema ni kweli.

Na ni kweli. Novemba 30, hapahapa Columbus, Michigan wasiokuwa na lolote msimu ule walitufunga 13 kwa 10, mwaka wa nne mfululizo. Howard alirusha pasi 33 zikafika 19, yadi 175, mbili zikadakwa na adui, na moja ya hizo ilidakwa karibu kabisa na goli letu ikawapa wao tachdauni ya bure, yani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja. Nilirudi nyumbani siku ile nikasema huyu tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mzee hakusema hivyo. Nilipoenda kazini kesho yake nikakuta kakunja pembe ya ule ukurasa, upande wa "Baada" uko mweupe kabisa. Nikamuuliza mbona hujaandika? Akasema, "Baada yake haijafika." Nilidhani ni uzee.

Saa 6 mchana. Televisheni ya ukumbini inaonyesha Trump anaapishwa, sherehe wameihamishia ndani kwa sababu ya hii baridi. Wengine wanataka isikike, wengine wanataka izimwe, mimi nagawa vyakula. Mzee wangu kala nusu ya supu, anasema tumbo limejaa wasiwasi.

Saa 8:30. Wamepumzika, nimepata dakika za kukaa naye, tukafungua daftari nyuma. Hapa nataka kuandika kirefu kidogo kwa sababu ndipo nilipoelewa.

Ukurasa wa Oregon, Oktoba 12. Tumefungwa 32 kwa 31, sekunde zimebaki chache, Howard kakimbia na mpira akateleza chini amechelewa, saa ikafika sifuri, hata nafasi ya kupiga goli la mguu katikati ya nguzo hatukupata. Mzee kaandika upande wa kulia: hakulaumu mtu. Ukurasa wa Penn State, Novemba 2, na hii inauma zaidi kwa sababu ndicho chuo alichokitaka utotoni na hawakumwona anafaa. Mwanzoni kabisa pasi yake ikadakwa ikarudishwa mpaka tachdauni, tumeshafungwa kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu zaidi ya laki moja wanaomzomea. Baadaye tena akaupoteza mpira akiwa anakaribia kufunga. Tulishinda 20 kwa 13, tachdauni zetu mbili zote pasi zake. Mzee kajaza upande wa "Baada" mpaka maandishi yamepanda pembeni.

Halafu akaniambia kitu ambacho naona hata wachambuzi wenye suti hawakisemi. Kotabeki akiangushwa usimwangalie yeye, angalia wale wanene watano wa mbele, wale wanaomlinda. Nani anakimbia kumwinua? Kotabeki aliyekulia hapo watu wanamwinua kwa mazoea. Mgeni hawana deni naye, wamemkuta tu, na kama hawamwamini utaona anajiinua peke yake anajipangusa nyasi. "Septemba alikuwa anajiinua," akasema mzee, na mkono wake ule unaotetemeka ukafanya ishara ya mtu anayenyanyuliwa. "Sasa wanafika wawili."

Saa 9 alasiri. Shifti ya pili imeanza, kaingia kijana mmoja Mmarekani mfanyakazi mwenzangu, yeye hamkubali kabisa Howard, na sitasema hana hoja. Anasema timu yenye wapokeaji wa pasi kama Jeremiah Smith na Emeka Egbuka, na wakimbiaji kama TreVeyon Henderson na Quinshon Judkins, hata yeye angerusha pasi. Anasema ni timu ya hela, na ni kweli mkurugenzi wa michezo wa chuo mwenyewe alitaja kama dola milioni 20 kwa wachezaji wote. Judkins kahama Ole Miss, Caleb Downs wa ulinzi kahama Alabama.

Mimi nikamjibu hivi. Wapokeaji walewale walikuwepo siku ya Michigan na tukapata pointi 10. Kwa hiyo vipaji peke yake havitoshi, na makocha nao siku ile waling'ang'ania kupita katikati kwenye ukuta, lawama si ya mtu mmoja. Pili, angalia mechi ya Texas siku kumi zilizopita. Walimfungia Smith akapata pasi moja tu ya yadi tatu. Howard hakupanik, akawatumia wengine, na ilipofika dauni ya nne zimebaki yadi mbili, mechi sare, akaubeba mwenyewe yadi 18 na lile zigo lake la mwili, akajikwaa akaanguka kabla ya kufika, lakini muda mfupi baadaye Judkins akamalizia tachdauni. Tatu, watu wamesahau Kansas State. Mwaka 2022 pale walimleta Adrian Martinez kutoka Nebraska, kotabeki wa kuhamia, Howard akakalishwa benchi na mgeni. Hakukimbia. Martinez alipoumia Oktoba akaingia, na Desemba wakachukua ubingwa wa ligi ya Big 12 kwa kuifunga TCU 31 kwa 28 muda wa nyongeza. Huyu ni mtu aliyekwishakuwa mwenyeji aliyepokonywa kiti, ndiyo maana alipokuja hapa akashindania namba na kotabeki mwenzake Devin Brown, Brown huyohuyo alibaki kikosini msimu mzima. Mimi hiyo naihesabu kwenye uongozi.

Kijana akasema tutaona usiku. Sawa.

Ila pia tusitie chumvi. Joe Burrow, kotabeki mwingine wa kuhama, alitoka hapa akaenda LSU, mwaka wa kwanza alikuwa wa kawaida tu, wa pili, 2019, akarusha tachdauni 60 na wakashinda mechi 15 bila kufungwa. Howard si huyo. Mkono wake si wa ajabu, wakati mwingine anachelewa kuachia, na zile pasi za katikati zinanitoa jasho. Burrow alipata miaka miwili ya kuzoeana na watu. Huyu kapewa mmoja.

Saa 11 jioni. Chakula, dawa, kuogesha wawili, shuka moja imechafuka. Hakuna cha kuandika.

Saa 1:30 usiku. Msimamizi kaniruhusu nikae chumbani kwa mzee kwa sababu akisisimka anajaribu kusimama na tunaogopa aanguke. Hiyo ndiyo sababu sikuomba ofu. Dada wa Bukavu anachungulia mlangoni kila akipita na kigari cha dawa.

Notre Dame wameanza na mpira na wameukalia karibu dakika kumi, michezo 18, kotabeki wao Riley Leonard, naye ni wa kuhamia, katoka Duke, kaingia nao mwenyewe. 7 kwa 0. Howard anatazama tu pembeni. Mzee hajaandika kitu. Halafu mpira ukaja kwetu na jamani, pasi 13 za kwanza zote zimefika. Zote. Hakurusha moja chini. Tachdauni nne kwenye zamu nne za kwanza, tatu kabla ya mapumziko, 21 kwa 7, na ya nne baada ya Judkins kufungua kipindi cha pili kwa mbio za yadi 70, baadaye ikawa 31 kwa 7. Nilikwenda kubadilisha mzee wa chumba cha pili nikarudi, bado mzee wangu anaweka misalaba.

Kisha Notre Dame wakaanza kurudi. 31 kwa 15. Wakakosa goli, mpira uligonga nguzo. Wakafunga tena, 31 kwa 23, zimebaki dakika nne na kidogo. Chumba kimya. Nikamshika mzee bega maana alikuwa ameegemea mbele sana.

Saa tano kasoro usiku. Dauni ya tatu, zimebaki yadi 11. Ukikosa hapa unapiga mpira mbele na Notre Dame wanarudi na nguvu zote. Timu nyingi zingekabidhi mpira zikachoma sekunde. Howard akarudi nyuma, akaona Smith kabanwa na mtu mmoja tu, akaachia ule wa juu, mrefu, na mimi roho ilisimama kwa sababu ni pasi ileile, kijana yuleyule wa Novemba. Yadi 56. Smith kaudaka anakwenda nao. Nilipiga kelele mpaka nikakumbuka kuna watu wamelala. Goli la yadi 33 likafuata, 34 kwa 23, basi. Howard pasi 17 kati ya 21, yadi 231, tachdauni mbili. Mechi nne za mtoano, Tennessee, Oregon, Texas na hawa, jumla yadi 1,150.

Kule Atlanta wanaimba, huku mzee kachukua penseli. Hakuandika upande wa kushoto. Alifungua nyuma, ukurasa wa Michigan, ule uliokunjwa pembe, akainyoosha ile pembe kwa kidole gumba, halafu mkono ukakataa. Penseli ikawa inacheza tu juu ya karatasi. Akanipa mimi.

"Andika kwenye Baada," akasema. "Ya tatu, kumi na moja."

Nikaandika, nikaweka msalaba. Akavaa miwani akaangalia, akasema niuongeze ukubwa.

Saa tano na nusu nikamlaza na sweta lake, hakutaka livuliwe.