Mama kasahau mikarafuu yake

Juzi asubuhi mamaangu kaniuliza kama babaangu karudi shamba. Baba kafariki 2009. Nikamwambia bado hajarudi, maana siku ya mwanzo nilipomwambia kweli alilia kama ndo kwanza kapata habari, na mimi sitaki mamaangu azike mume kila kukicha.

Sasa nataka kusema jambo ambalo kwetu Pemba watu wanaliona zito, mirathi, na nalisema kwa sababu sisi tumechelewa na nyinyi pengine bado mnao muda.

Alipokufa baba hatukugawana. Ukitaja mirathi kabla ya arbaini unaonekana una tamaa, baada ya arbaini mama yumo edani, ule muda mjane anaokaa baada ya kufiwa na mume, eda ikesha karafuu zishaiva, mara harusi ya mdogo wetu, basi ikawa ndo hivo, ami anaangalia shamba na msimu ukimalizika anatuletea kila mtu chake anachoona yeye. Ami hajatudhulumu, nasema wallahi, lakini hakuna aliejua hasa chake ni kipi.

Na wakati ule hesabu ilikuwa nyepesi mno! Baba kaacha mke, wanaume wawili na wanawake watatu. Mama ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa vile kuna watoto, kinachobaki mwanamme anachukua mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo mali inakaa mafungu 8 yametimia, mama moja, sisi wanawake moja moja, kaka zetu mawili mawili. Mikarafuu inayozaa ilikuwa 40. Mama mitano, kila mwanamke mitano, kila mwanamme kumi. Asubuhi moja tu ingekwisha.

Hatukufanya, na 2017 kakaangu mkubwa akafariki. Kaacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike, na mama yake yu hai, nae anarithi sudusi, yaani moja ya sita. Ile mikarafuu kumi yake sasa inataka mafungu 72: mama 12, mjane 9, kijana 34, binti 17. Mikarafuu kumi mafungu 72, utakata wapi? Itabidi ithaminiwe kwa pesa, watu wafidiane. Na si miti tu, maana kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ina mwenyewe mwengine, na mingine ya baba imesimama kwenye ardhi ya watu wa upande wa bibi. Ipi na ipi? Aliekuwa anajua mmoja mmoja ni mama, alikuwa anaweza kukutembeza toka kisimani mpaka bondeni anakwambia huu wetu, huu si wetu, huu tuliununua. Hakuna alieandika. Skuizi ukimpeleka anaokota makonyo, vile vijiti vya karafuu, tu anacheka.

Tukasema basi tumfanyie karatasi ya uwakala mtu mmoja amchukulie pesa zake benki amnunulie dawa. Tulivyokwenda kuuliza tukaambiwa uwakala unataka akili ya anaeutoa, na hata ungekuwepo wa zamani akili ikishaondoka nao unaanguka. Tumerudishwa mahakamani kuomba awekewe msimamizi, kwa hiyo barua ya daktari, barua ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa wetu, vitambulisho, na sisi wote tukubaliane nani. Kakubaliwa dada yetu anaekaa nae. Na hapa naomba tuelewane, msimamizi hamiliki kitu, kila shilingi ya mama ni ya mama mpaka siku yake, na dada anaandika mpaka pesa ya sabuni.

Mirathi ya baba tumeipeleka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ile iliyowekwa kwa sheria ya 2007, hii kazi ya mirathi ya Waislamu ni yao. Hilo naamini litakwisha.

Kinachoniuma mimi ni wale watoto wa marehemu kaka. Mama siku zote alikuwa anasema wajukuu wangu hawa mayatima nitawaachia chao. Lakini kwa mama wao hawarithi, maana mwanawe wa kiume mmoja yupo hai na anawazuia. Njia ilikuwa wasia, mtu anaruhusiwa kuusia mpaka thuluthi, yaani moja ya tatu, ya mali yake kwa asiekuwa mrithi, na Mtume (s.a.w.) katuhimiza Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale usiku mara mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Mama alikuwa na thuluthi yake, na nia alikuwa nayo, na mimi nilikuwa nae jikoni miaka yote ile, kalamu na daftari vipo, sikumwambia mama hebu tuandike na tuwaite mashahidi. Niliona vibaya, nitaonekana namuombea mauti. Sasa hata akiweka dole gumba wasia hausihi.

Kilichobaki ni ridhaa yetu warithi, kila mmoja amege katika chake kwa hiari, na hilo haliwezi kuandikwa leo kwa sababu mama yu hai na mali ni yake. Mimi nishasema changu mbele ya wenzangu. Kaka kakubali. Dada wa kati kanambia nimpe muda, na sijamuuliza tena.

Wiki ijayo ami anakuja tukahesabu miti, na mama tutakwenda nae, pengine akifika pale kisimani litamjia japo jina la mti mmoja.