Mistari imejaa, intaneti hakuna: kumbukumbu ya mradi, Kisumu

Vifaa: ruta moja kwenye betri, Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye maktaba ya Kiwix (kurasa zinazosomwa bila intaneti), kompyuta mbili za Windows, moja ya Debian (aina ya Linux), na simu za Android za wanaokuja kusoma. Lengo ni watu waelewe alama ya Wi-Fi, yaani mistari na alama ya mshangao inayotokea intaneti ikikosekana, waache kuzima na kuwasha ruta bure.

Jumamosi. Kebo ya WAN, inayoleta intaneti kwenye ruta, imechomolewa. Mistari haikupungua hata mmoja, na ndivyo inavyopaswa: inapima redio kati ya kifaa na ruta, basi. Radi ya alasiri ikipiga na stima ikapotea mtaani, ruta huendelea kurusha mawimbi hata kama mtambo wa mtoa huduma umezimika. Nguvu yenyewe husomwa kwa amri ya Linux `iw dev wlan0 link`, kwa kipimo cha dBm: -50 dBm ni nzuri sana, -80 ni dhaifu. Nyuma ya ukuta wa mabati namba hushuka ghafla.

Alama ya mshangao hutoka kwingine kabisa. Android huuliza connectivitycheck.gstatic.com/generate_204 na kungoja jibu 204, yaani jibu tupu. Windows husoma www.msftconnecttest.com/connecttest.txt ikitafuta maneno "Microsoft Connect Test"; ikiyakosa, huweka tufe badala ya mistari. Bando likiisha na mtoa huduma akaleta ukurasa wa kulipia, simu hupata jibu lisilo 204, ndiyo maana humwambia mtu aingie kwenye mtandao.

Jumapili. Debian haikuonyesha hitilafu yoyote kebo ikiwa nje. Sababu: haikuwa na anwani ya kuuliza, kwa hiyo ilichukulia kwamba intaneti ipo. Dawa:

`sudo apt install network-manager-config-connectivity-debian`

kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`, kuiwasha upya programu inayosimamia mitandao. Ukaguzi wa kawaida ni kila sekunde 300, muda mrefu mno kwa majaribio. Katika /etc/NetworkManager/conf.d/90-muda.conf tumeandika `[connectivity]`, na mstari wa chini yake `interval=60`. Asiyetaka kungoja aandike `nmcli networking connectivity check`. Jibu ni full (intaneti ipo), limited (mtandao upo, intaneti hakuna), portal (kuna ukurasa wa kuingia), none (hakuna mtandao) au unknown (haijulikani).

Kazi ngumu ni Kiwix. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti, hurudi kwenye data na maktaba haifunguki. Tulielekeza DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani) ya gstatic kwa Pi, na nginx, programu ya seva iliyo humo, ikajibu `return 204;`. Ukaguzi wa HTTP ukapita, wa HTTPS, ambao hudai uthibitisho wa utambulisho, ukakwama, kwa kuwa Pi haina cheti cha Google. Android 10 na za baadaye husema muunganisho una kikomo. Tumeifuta hila hiyo. Alama inayosema intaneti ipo wakati haipo ni mbaya kuliko kukosa alama.

Badala yake, karatasi ukutani: simu ikiuliza, kubali kubaki kwenye Wi-Fi hii, weka tiki ya kutoulizwa tena, ikikataa, zima data ukiwa unasoma.

Bado: iPhone, ambayo huuliza captive.apple.com.